Mikumi, Saadani au Nyerere: hifadhi ipi inakufaa unapotoka Dar es Salaam?

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuwapeleka watoto wake wakawaone tembo si lazima aende mpaka Arusha. Ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari ziko hifadhi tatu za taifa zinazosimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania: Mikumi, mkoani Morogoro, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, mahali ambapo mbuga inakutana na Bahari ya Hindi, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kusini magharibi mwa jiji, inayopitiwa na mto Rufiji. Zote tatu zina simba, tembo, twiga na viboko, kwa hiyo anayeuliza tu kuna wanyama gani atapata jibu linalofanana kwa zote, na bado hatajua aende wapi.

Ninashauri mtu aanze kwa kujiuliza mambo mawili: atalala huko siku ngapi, na gari lake pamoja na watu atakaowapakia wanaweza kuhimili barabara ya namna gani. Ukishayajibu hayo kwa ukweli, hifadhi moja au mbili kati ya hizi tatu hujitoa zenyewe. Nimeona familia zikichagua kwa kufuata picha zilizosambazwa kwenye simu, zikafika getini jioni watoto wakiwa hoi, zikalipia siku nzima kwa ajili ya saa moja ya mwanga. Hasara hiyo inaepukika kabisa.

Ukubwa, nao, usikuzuzue. Nyerere ina kilomita za mraba 30,893 na ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini. Mikumi ina 3,230, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Saadani ni kama 1,100 tu. Hata hivyo, eneo ambalo mgeni wa kawaida hulitembelea ndani ya Nyerere ni kipande cha kaskazini mwa Rufiji, kwenye maziwa na vijito vinavyochepuka kutoka mtoni, na sehemu kubwa iliyobaki ni misitu ya miombo ambayo wengi hawatafika maishani. Vivyo hivyo kwa Mikumi: wageni wengi humaliza siku yao kwenye uwanda wa Mkata. Kwa mtu mwenye siku mbili, hifadhi hizi hazitofautiani sana kwa eneo atakaloweza kulizunguka.

Barabara na muda

Kwa urahisi wa kufika, Mikumi haina mpinzani. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 283, zote za lami, na barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, kiasi kwamba abiria wa basi la Mbeya huona twiga na swala pala bila kulipa senti. Basi lolote la Iringa au Mbeya linaloondoka stendi ya Mbezi litakushusha Mikumi mjini. Tangu Juni 2024 iko pia treni ya umeme ya SGR, ambayo humfikisha abiria Morogoro kwa takriban saa mbili. Kuanzia hapo hubaki mwendo wa kilomita kama 100 wa kukodi gari au kupanda basi. Kwa kundi la watu wanne au watano, treni pamoja na gari la kukodi Morogoro ni mpango wa busara kuliko kuendesha usiku kati ya malori ya Kibaha na Chalinze.

Kupita hifadhini kwenye barabara kuu kuna sheria zake. Mwendo umewekewa kikomo, usiku ukiwa mdogo zaidi kuliko mchana, na kando ya barabara lipo bango linaloonyesha faini ya kumgonga kila aina ya mnyama. Tafadhali liheshimu bango hilo hata kama unaelekea Iringa tu na huna mpango wa kuingia getini. Barabara hiyo hubeba magari ya Zambia, Malawi na Congo usiku kucha, na wanyama wengi hufia juu yake.

Saadani humdanganya mtu kwa ramani. Ukipima kwa rula kutoka jijini ni karibu kilomita 100 tu, lakini magurudumu hayapiti juu ya rula. Njia ya siku zote ni kufika Chalinze, kushika barabara ya Segera kwa kilomita kama 50 hadi Mandera, kisha kukata kulia na kufuata barabara ya vumbi kupitia Miono kwa kilomita zipatazo 60. Njia ya pili hupitia Bagamoyo na kuvuka mto Wami. Ni fupi zaidi, na barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga imekuwa ikijengwa kwa vipande, kwa hiyo hali yake hubadilika kila mwaka. Mtu aliyepita mwaka juzi hawezi kukuambia ilivyo leo. Kwa anayetoka Tanga, au kwa Mkenya anayeshuka kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, Saadani ndiyo ya karibu kuliko hizo nyingine mbili, na kwake hoja ya barabara hugeuka kabisa.

Nyerere ina milango miwili inayowahusu watu wa jiji. Lango la Mtemere, upande wa mashariki, hufikiwa kwa barabara ya Kilwa: kilomita kama 140 za lami hadi Kibiti, kisha takriban 100 za udongo hadi kijiji cha Mloka, ambacho kiko jirani na lango. Hizo 100 za mwisho ndizo safari yenyewe. Wakati wa kiangazi zinaweza kuchukua saa tatu au nne za mitikisiko na vumbi jekundu. Wakati wa masika usizifikirie. Lango la Matambwe, upande wa magharibi, hufikiwa kutoka Morogoro kupitia Kisaki kwa njia inayozunguka milima ya Uluguru, yenye mandhari nzuri na mawe mengi, na inataka gari la magurudumu manne yanayovuta pamoja na dereva asiyekuwa na haraka. Reli ya TAZARA nayo hupita huko, na kituo cha Kisaki kiko karibu na mpaka wa hifadhi, lakini treni hiyo haijawahi kuwa rafiki wa mtu mwenye likizo ya siku mbili. Wenye uwezo hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au Zanzibar na kutua ndani ya hifadhi kwa muda usiofika saa moja.

Kwa hiyo, mwenye usiku mmoja tu wa kulala aende Mikumi. Mwenye siku mbili anaweza kuchagua kati ya Mikumi na Saadani. Nyerere kwa njia ya barabara isipewe chini ya siku mbili za kulala, na tatu ni bora zaidi, kwa sababu siku ya kwanza na ya mwisho huliwa na Kibiti na Mloka.

Utakachokiona

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na umaarufu wake wote umejengwa juu ya uwanda wa Mkata. Ni eneo la wazi lenye majani mafupi, mibuyu na mivumo iliyosimama mojamoja, na milima ya Uluguru na Rubeho ikiuzingira uwanda kwa mbali. Uwazi huo ndio unaomfaa mgeni wa mara ya kwanza: jicho lisilozoea humwona mnyama kutoka mbali, na mtoto wa miaka sita haambiwi "tazama pale kwenye kichaka" mara kumi bila kuona kitu. Pundamilia, nyumbu, twiga, swala pala na nyati ni wa kawaida. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, hupatikana pia, ingawa huwa na woga na hukimbia mapema. Simba wapo na huonekana mara nyingi, hasa kwa anayeingia lango linapofunguliwa. Kwenye bwawa la viboko unaruhusiwa kushuka garini mahali palipotengwa, na hapo ukisimama kimya utasikia pumzi zao zikitoka majini kwa kishindo kabla hujayaona masikio mawili madogo yakipepesuka juu ya maji. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeorodheshwa Mikumi.

Upungufu wa Mikumi unatokana na urahisi wake wenyewe. Mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu magari huwa mengi kwenye mizunguko ile ile, na simba mmoja aliyelala chini ya mti hupata wageni kumi kwa mpigo. Hakuna mto mkubwa wa kupanda boti. Anayetafuta upweke wa porini atautafuta bila kuupata, isipokuwa akitoka Mkata na kwenda upande wa kusini, ambako kuna miti mingi, mbung'o wengi na wanyama wachache wa kuonekana.

Saadani ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya kuwa pori la akiba kwa miongo kadhaa na kuunganishwa na lililokuwa shamba la mifugo la Mkwaja. Usiende Saadani kuhesabu wanyama. Tembo wake ni wenye haya, simba huonekana kwa bahati, na mtu aliyezoea Mikumi atasema pamekauka. Ubora wake ni mchanganyiko ambao hifadhi nyingine ya taifa nchini haina: asubuhi unawatazama kongoni, kuro na tohe kwenye majani marefu, mchana unapanda boti mto Wami kati ya viboko, mamba na mikoko hadi karibu na mdomo wa mto, jioni umekaa mchangani unatazama bahari. Kwenye msitu wa Zaraninge kuna mbega, na kwenye mabwawa ya chumvi karibu na kijiji hukusanyika flamingo. Ufukwe wa Madete ni mahali ambapo kasa wa kijani hutaga mayai. Uliza getini kama ni msimu wake, na usiende huko usiku na tochi bila askari wa uhifadhi, kwa kuwa mwanga humfanya kasa arudi majini bila kutaga.

Niseme wazi kuhusu bahari yenyewe, maana wengi hufika wakitegemea maji maangavu kama ya Nungwi, Zanzibar. Wami humwaga tope lake hapo, kwa hiyo maji karibu na mdomo wa mto ni ya kahawia, na haishauriwi kuogelea karibu na mto wenye mamba. Kwa kuogelea uliza wenyeji mahali salama, nao watakuonyesha. Kinachonivutia mimi zaidi ni kijiji cha Saadani, kilichomo katikati ya hifadhi, chenye wavuvi, dagaa walioanikwa, kamba wabichi wa kununua, na magofu ya boma la Wajerumani. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Bwana Heri, mtawala aliyewakabili Wajerumani kwa silaha kati ya 1888 na 1890, na kabla yake palikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa. Ukimpeleka mwanafunzi wa sekondari Saadani, mpeleke na kijijini. Atajifunza mambo mawili kwa nauli moja.

Nyerere ni jambo jingine. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Sehemu yake ya kaskazini ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 na kupewa jina la Mwalimu. Wanaokwenda kwa ajili ya gari tu wanakosa kiini chake, kwa sababu Nyerere ni hifadhi ya mto. Rufiji hapa ni mpana, una visiwa vya mchanga vinavyohama kila baada ya mafuriko, na umezungukwa na maziwa kama Manze, Nzerakera, Siwandu na Tagalala, yaliyoungana na mto kwa mifereji ambayo hujaa na kukauka. Boti dogo la injini huondoka asubuhi au alasiri, nahodha huzima mashine akikaribia kundi la viboko, na mkondo wenyewe hukusogeza. Mamba hulala ukingoni wakiwa wameachama. Kwenye visiki vya mivumo iliyokufa majini hukaa furukombe, mmoja kwa kila kisiki, na keremkerem hutoboa kuta za udongo za kingo kwa mamia ya matundu. Tembo wakivuka, boti husimama na kuwasubiri. Katika Mikumi mnyama hukutazama akiwa kwenye nchi yake ukiwa barabarani. Kwenye Rufiji umeingia katikati ya mahali wanaponywea maji, na hisia yake ni tofauti kabisa.

Zaidi ya boti, Nyerere ina matembezi ya miguu yakiongozwa na askari mwenye silaha, ina chemchemi za maji moto karibu na ziwa Tagalala ambamo watu huoga, na ina mbwa mwitu, mnyama aliyebaki mahali pachache sana Afrika, ambaye eneo la Selous na Nyerere ni mojawapo ya ngome zake kubwa. Kumwona hakuhakikishwi na yeyote. Anayekuahidi mbwa mwitu anakuuzia maneno. Twiga ni wengi kaskazini mwa Rufiji na hawapo kusini mwake, mto ukiwa mpaka ambao hawaukatizi. Wapenda historia hufika Beho Beho, lilipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji na mwanajeshi wa Kiingereza aliyeuawa hapo Januari 1917 wakati wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani. Maelezo ya miaka ya nyuma yatakuambia pia uende korongo la Stiegler. Fahamu kwamba hapo sasa pamejengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo lilianza kuzalisha mwaka 2024, na kwa hiyo usilipange kama sehemu ya ziara ya kawaida.

Jambo moja linawasumbua wageni wa Nyerere kuliko wanavyotegemea, nalo ni mbung'o. Wapo Mikumi na Saadani pia, lakini kwenye miombo ya Nyerere hufuata gari kama linavyofuatwa na vumbi lake, hutua kwenye boneti jeusi, huingia dirishani na kuuma kupitia shati. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki, kijivu au rangi ya majani, mikono mirefu, na uwaandae watoto mapema ili kilio cha kwanza kisiwakute hamjajipanga.

Malazi na fedha

Viingilio vya hifadhi hutofautiana kwa uraia. Raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo, kiasi ambacho familia ya kipato cha kati huweza kukimudu. Mgeni kutoka nje hulipa kwa dola, kiasi kikubwa mara kadhaa kuliko hicho. Watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure. Nakumbusha hili kwa sababu familia nyingi za pwani hupokea ndugu wakati wa likizo: shemeji mwenye pasipoti ya Oman au ya Uingereza, hata kama alizaliwa Kariakoo, atahesabiwa kwa pasipoti aliyonayo mkononi. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na mpange bajeti mkijua nani yuko kundi gani. Gari nalo hulipiwa, na lenye namba za nje ya Tanzania hutozwa zaidi kuliko lenye namba za hapa. Mkenya anayevuka Horohoro na gari lake alizingatie hilo. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo chukua vya mwaka huu kutoka TANAPA wenyewe.

Getini hupokei risiti kwa kutoa noti. Malipo hufanywa kwa kadi, kwa benki au kwa simu, kupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo wengi huiita kontroli namba. Mtandao wa simu Mtemere na Saadani unaweza kusuasua, na anayengoja kupata namba hiyo akiwa getini hujikuta amekaa kwenye jua saa nzima. Iombe ukiwa bado mjini.

Kwa kulala, tofauti kubwa iko hapa. Mikumi mjini kuna nyumba za wageni za kawaida za barabarani, za bei ya dereva wa lori, na ndani ya hifadhi kuna mabanda ya TANAPA, maeneo ya kupiga hema na loji za bei ya juu. Anayelala mjini aulize kabla kama kibali chake kinamruhusu kutoka na kurudi, asije akalipa mara mbili. Saadani ina malazi machache: ya TANAPA yaliyo karibu na bahari, loji chache, na vyumba vya kawaida kijijini. Ya TANAPA hujaa wakati wa Pasaka, Idi na mwisho wa mwaka, basi yawahiwe. Nyerere ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu kambi nyingi za ndani zimejengwa kwa ajili ya watalii wanaofika kwa ndege. Mtanzania mwenye bajeti ya kawaida hulala Mloka, nje ya lango, au hupiga hema kwenye eneo la kambi la hifadhi. Ongeza juu yake boti, ambalo hulipiwa peke yake, na mwongozaji au askari wa matembezi, ambaye naye ana malipo yake. Ninaamini fedha ya boti ndiyo fedha bora unayoweza kuitumia Nyerere; kama bajeti haitoshi kwa boti, ni heri safari iahirishwe hadi itoshe, na kwa sasa uende Mikumi.

Majira

Kuanzia Juni hadi Oktoba hifadhi zote tatu ni nzuri. Majani yamekauka, maji yamebaki mahali pachache, na wanyama hujikusanya hapo. Mwezi Oktoba joto la Rufiji huwa kali sana mchana, hivyo mtu mwenye shinikizo la damu asipangiwe matembezi ya miguu.

Tofauti huonekana masika. Mikumi hupitika mwaka mzima kwa sababu ya lami, ingawa baadhi ya mizunguko ya ndani hufungwa, na Machi huko ni kijani chenye ndege wengi na watu wachache. Saadani, Aprili na Mei, udongo mweusi wa mfinyanzi hushika gurudumu na kuliachilia kwa trekta tu. Zaidi ya miezi ya kiangazi, Januari na Februari ni wakati wake mzuri. Nyerere hufunga kambi zake nyingi kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti yanatosha kumfundisha mtu kwa nini.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo, au yenye bibi ambaye mgongo wake hauvumilii mashimo, iende Mikumi. Shule ya msingi au ya sekondari yenye basi moja na siku moja, Mikumi tena, ikilala Morogoro na kuingia lango linapofunguliwa, ambalo kwa kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo kunawezekana, lakini mtafika wakati simba wameshaingia kivulini, na dereva atarudi na uchovu kwenye barabara ya hatari usiku. Sishauri.

Wanandoa wapya, au marafiki wanaotaka kupumzika zaidi kuliko kuzunguka, wachague Saadani. Huko mtu anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuwasha gari asione kwamba amepoteza fedha. Familia ambayo nusu yake inataka bahari na nusu inataka twiga nayo itapatana huko.

Nyerere ni ya mtu ambaye ameshaona hifadhi moja au mbili na sasa anataka kitu kinachozidi kuona. Ni ya wapenda ndege na wapiga picha, na ya ndugu waliotoka mbali kwa mara moja katika miaka mingi ambao wana siku nne za kutumia. Ningemshauri mtu huyo asichanganye Nyerere na Mikumi kwenye safari moja ya siku tatu; ramani inazionyesha zimepakana, lakini barabara kati yao si ya kuunganisha kwa haraka.

Kwa wasio na gari kabisa, ninaongeza jina la nne. Kutoka Mikumi mjini, mabasi ya Ifakara hupita Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Hakuna kuendesha gari ndani yake. Watu wote hutembea kwa miguu na mwongozaji, na njia inayopendwa zaidi hupanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita zaidi ya 170, ambapo mtu huoga kwenye dimbwi lenye maji baridi. Mbega mwekundu wa Iringa, asiyepatikana mahali pengine duniani nje ya eneo hilo, huruka juu ya vichwa vya wapandaji. Mwanafunzi wa chuo mwenye begi mgongoni atapata huko thamani ya fedha yake kuliko kwenye hifadhi zote tatu za magari.

Ukishachagua, piga simu ofisi ya hifadhi husika wiki moja kabla ya kuondoka na uulize mambo manne: barabara ya kufika getini ikoje wiki hii, si mwezi uliopita, kibali cha kuingia kinadumu saa ngapi na kama kinaruhusu kutoka na kurudi, kama boti zinafanya kazi, kwa wanaokwenda Saadani au Nyerere, na kama kuna gari la kukodi getini kwa watakaofika kwa basi. Pakia maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, dawa ya mbu, chandarua kwa watakaopiga hema, na tairi la akiba ulilolijaza upepo wewe mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini kote tangu Juni 2019, kwa hiyo vyakula vya watoto vifungwe kwenye makopo, na makopo yote yarudi nyumbani.